Ukanda wa mguso wa kusogeza kurasa unaruka na kutetemeka: nianzie wapi kuurekebisha?

Mbunifu wa Kasarani ameuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Ninabuni kifaa kidogo cha kuwekwa kando ya kibodi, chenye ukanda wa mguso ambao mtumiaji anaupitishia kidole juu au chini ili ukurasa ulio kwenye kompyuta usogee. Nimewakusudia wahariri na wafasiri wa afisi moja hapa katikati ya jiji la Nairobi, watu wanaoshinda kutwa nzima wakisoma nyaraka zenye mamia ya kurasa, na ambao wamenieleza kwamba kuzungusha gurudumu la kipanya tangu asubuhi hadi jioni kunawatia maumivu kwenye kidole cha shahada. Gurudumu hilo limetufaa sana tangu Microsoft ilipolieneza kwa kipanya chake cha IntelliMouse mwaka wa 1996, lakini linamlazimu mtu kukunja na kukunjua kidole kilekile mara nyingi mno, ilhali ukanda wa mguso hauhitaji nguvu yoyote.

Nilichotengeneza ni hiki. Kwenye bodi ya saketi ya kawaida, yenye unene wa milimita 1.6, nimechora elektrodi nane, yaani vipande vya shaba vinavyohisi kidole, zenye umbo la mstatili. Kila moja ina upana wa milimita 10, nazo zimefuatana zikiachana kwa nusu milimita. Juu ya shaba nimelaza kipande cha akriliki cha milimita 3 na kukishika kwa skrubu kwenye pembe nne. Elektrodi zinasomwa na chipu ya MPR121, ambayo inaweza kusoma elektrodi 12 na huwasiliana kwa njia ya I2C, yaani kwa nyaya mbili za data, na mikrokontrola, yaani chipu inayoendesha programu ya kifaa, ni ATmega32U4, niliyoichagua kwa sababu ina USB ndani yake na inaweza kujitambulisha kwa kompyuta kuwa ni kipanya. Vipuri vinapatikana Luthuli Avenue bila shida, kwa hivyo naomba majibu yenu yasinielekeze kwenye chipu ambayo itanibidi niiagize ng'ambo.

Matatizo ni matatu. Kidole kikipita polepole juu ya ukanda, mahali panapoonyeshwa na programu hapasogei kwa ulaini: hutulia juu ya elektrodi moja, kisha hurukia inayofuata. Pili, kompyuta ikitumia betri usomaji huwa mtulivu, lakini nikiichomeka chaja yake ukutani, namba huanza kutetemeka mara tu ninapogusa ukanda, na ukurasa hupanda na kushuka wenyewe hata kidole kikiwa kimetulia. Tatu, hata pale mambo yanapokwenda sawa, ukurasa husogea kwa mistari mitatu mitatu, nami ningependa usogee kama karatasi inayovutwa mezani. Je, nianzie wapi? Vilevile, mwenye maoni kuhusu umbo la duara badala ya ukanda ulionyooka anieleze, kwa maana ninaona kishawishi cha kuufuata mfano wa iPod.

Fundi Saketi, Ngara amejibu:

Ndugu Mbunifu, kifaa unachokitengeneza kinahitajika, na nimefurahi kuona kwamba umeanza na wasomaji wenyewe kabla ya chipu. Tatizo lako la kwanza halitokani na MPR121 wala na programu. Linatokana na umbo la shaba.

Fikiria ncha ya kidole inavyokaa juu ya ukanda. Sehemu inayogusa huwa na kipenyo cha milimita 8 hivi, na elektrodi yako ina upana wa milimita 10. Maana yake ni kwamba kidole kikiwa katikati ya elektrodi, kinaigusa hiyo moja peke yake, na chochote utakachokifanya kwenye programu hakiwezi kukuambia kama kimesogea milimita moja kushoto au kulia, kwa sababu habari hiyo haikuingia kwenye saketi tangu mwanzo. Kidole kinahitaji kuzifunika elektrodi mbili, ikiwezekana tatu, kwa wakati wowote ule. Ndiyo sababu wabunifu wa kanda hizi huziacha mistatili na kuchora elektrodi zenye kingo za pembepembe, mithili ya meno ya msumeno, ambapo meno ya elektrodi moja yanaingia katikati ya meno ya jirani yake. Kidole kinaposogea, sehemu ya shaba ya elektrodi ya kwanza inayofunikwa inapungua kidogo kidogo huku ya pili ikiongezeka kwa kiasi kilekile.

Ukishakuwa na shaba ya namna hiyo, mahali pa kidole panapatikana kwa hesabu ya wastani wenye uzito. Chukua namba ya kila elektrodi, uizidishe kwa ongezeko la ishara yake, ujumlishe yote, kisha ugawanye kwa jumla ya maongezeko. Tuseme elektrodi ya 3 imeongezeka kwa 40, ya 4 kwa 120, na ya 5 kwa 20. Jumla ya mazidisho ni 120 + 480 + 100, yaani 700, na jumla ya maongezeko ni 180. Kwa hivyo kidole kiko kwenye 3.89, karibu kabisa na elektrodi ya 4 lakini kimeelemea upande wa 3. Unaona kwamba elektrodi nane zinaweza kukupa mamia ya hatua, mradi tu namba hizo ni tulivu.

Na utulivu wa namba unategemea ukubwa wa ishara, jambo linalonileta kwenye akriliki. Kapasitansi kati ya kidole na shaba, yaani uwezo wa viwili hivyo kuhifadhi chaji ya umeme, huongezeka eneo linapoongezeka na hupungua umbali unapozidi. Kwa eneo la milimita 50 za mraba, akriliki ya milimita 3 yenye kipimo cha dielektriki (namba inayoonyesha jinsi kitu kinavyoongeza kapasitansi) cha takriban 3 inakupa karibu pikofaradi 0.44 tu. Akriliki ya milimita 1 ingekupa pikofaradi 1.3. Kumbuka kwamba chipu inalazimika kuutambua mchango huo mdogo juu ya kapasitansi ya shaba yenyewe na nyaya zake, ambayo ni kubwa kuliko huo mara nyingi.

Kisha umesema akriliki imeshikwa kwa skrubu za pembeni. Hapo kuna hewa katikati, nina hakika. Kipimo cha hewa ni 1, kwa hivyo pengo la nusu milimita linadhuru sawasawa na kuongeza akriliki ya milimita moja na nusu, na baya zaidi ni kwamba pengo hilo hubadilika mtu anapokandamiza, hivyo usomaji hubadilika hata bila kidole kusogea. Ibandike akriliki kwa utepe mwembamba wenye gundi pande zote mbili, usioacha mapovu, eneo lote la ukanda.

Upande wa nyuma wa bodi, usiweke ardhi (sehemu ya saketi yenye volti sifuri) ya shaba iliyojaa chini ya elektrodi, kwa sababu itaongeza kapasitansi isiyotakiwa na kuimeza ishara yako. Weka wavu wa mistari ya shaba wenye nafasi pana. Nyaya zinazotoka kwenye elektrodi kwenda kwenye chipu ziwe fupi na nyembamba, zipite nyuma ya bodi, zisikae sambamba na zile za USB. Jambo la mwisho, ambalo pengine umelitazama tayari: MPR121 inaendeshwa kwa umeme usiozidi volti 3.6, ilhali bodi nyingi za ATmega32U4 zinafanya kazi kwa volti 5. Hakikisha kuna kibadilishi cha viwango vya volti kwenye nyaya za I2C.

Mwalimu wa Fizikia, Umoja amejibu:

Fundi amelimaliza suala la kwanza, nami nitagusia la pili, ambalo huwasumbua watu wengi hapa nchini na mara nyingi hudhaniwa kuwa ni ubovu wa chipu.

Dalili uliyoieleza ina neno moja muhimu: namba hutetemeka *ninapogusa*. Kama kelele, yaani mitikisiko ya umeme isiyotakiwa, ingekuwa inaingia kupitia nyaya za umeme peke yake, ungeiona hata kidole kikiwa mbali. Kwa kuwa inangoja kidole, basi mwili wako ni sehemu ya saketi. Baadhi ya chaja za kompyuta za mkononi hazina waya wa ardhi. Ile pini ya tatu unayoiona kwenye plagi zake mara nyingi ni ya plastiki, kazi yake ni kufungua tundu la soketi tu. Ndani ya chaja ya aina hiyo huwa kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa umeme mdogo, na kupitia kwake ardhi ya kompyuta inapandishwa na kushushwa kwa mdundo wa umeme wa ukutani, ambao kwetu ni volti 240 na hezi 50, pamoja na kelele ya kasi zaidi inayotokana na kuwaka na kuzimika kwa transista za chaja. Ndiyo maana mtu akipapasa kompyuta yenye mwili wa chuma ikiwa kwenye chaja huhisi mtekenyo mwepesi vidoleni. Wewe uliyekaa kwenye kiti una uhusiano wa kapasitansi na ardhi ya kweli, yaani sakafu na kuta. Kifaa chako kina ardhi inayoyumba. Kidole kikigusa ukanda, tofauti hiyo yote inapita mahali pale pale unapojaribu kupima nusu pikofaradi.

Tiba ya kwanza ni ya umbo la kifaa. Weka bamba la chuma, au eneo la shaba lililofunikwa kwa plastiki nyembamba, mahali ambapo kiganja kitapumzika, na uliunganishe na ardhi ya saketi yako kupitia rezista kubwa, megaohmu moja kwa mfano. Kiganja kikikaa hapo, mwili wako unaanza kuyumba pamoja na kifaa, na tofauti kati ya hivyo viwili inapungua. Si lazima kiganja kiguse chuma chenyewe, kwani kapasitansi ya eneo kubwa kama hilo kupitia plastiki nyembamba inasaidia vya kutosha. Tafadhali usijaribu kuunganisha chochote na waya wa ardhi wa nyumba kwa mkono; nyumba nyingi tunazopanga hazina ardhi ya kuaminika, na nyingine zina nyaya zilizobadilishwa nafasi.

Tiba ya pili ni ya upimaji. Mdundo wa hezi 50 unarudia kila baada ya milisekunde 20, hivyo ukichukua sampuli nyingi zilizosambaa sawasawa katika milisekunde 20 na kupata wastani wake, sehemu ya juu ya wimbi inafuta sehemu ya chini. Kabla ya wastani, tupa sampuli zilizo mbali na wenzake kwa kutumia kipimo cha kati. Ukichukua tatu na kubakiza ya katikati, mruko mmoja wa ghafla hauwezi kupita. MPR121 inakuruhusu kuchagua muda kati ya sampuli kuanzia milisekunde 1 hadi 128, kwa hivyo ipunguze hadi milisekunde 1 au 2, na kazi ya kuchuja uifanye mwenyewe kwenye mikrokontrola, ambako unaweza kuona kinachotendeka.

Nakusihi ujaribu kifaa katika hali tatu: kompyuta ikiwa kwenye betri, ikiwa kwenye chaja iliyokuja nayo, na ikiwa kwenye chaja ya bei nafuu ya barabarani. Hiyo ya mwisho ndiyo watumiaji wako watakayokuwa nayo siku ile iliyokuja na kompyuta itakapoharibika.

Mwandishi wa Programu, Kilimani amejibu:

Nimesoma majibu ya hao wawili kwa makini na sina la kuongeza upande wa umeme. Suala la mistari mitatu ni la kompyuta, si la ukanda, nalo lina jibu la uhakika.

Katika itifaki ya USB, kipanya hutuma namba ya gurudumu, na kwa desturi hatua moja ya gurudumu huhesabiwa na Windows kuwa vipimo 120, ambavyo kwa mpangilio wa kawaida hugeuzwa kuwa mistari mitatu ya maandishi. Kifaa chako kinapotuma 1, kompyuta inaelewa kwamba gurudumu limezunguka hatua nzima. Njia ya kutokea ipo, nayo ni kipengele kinachoitwa kizidishi cha uwazi (Resolution Multiplier), ambacho kifaa kinakitangaza katika maelezo yake ya kujitambulisha. Windows inakitambua tangu toleo la Vista, na Linux ilianza kupitisha usogezaji wa hatua ndogondogo kwa programu kuanzia kiini chake (kernel) cha 5.0 mwaka wa 2019. Ukitangaza kizidishi cha 120, kila namba moja unayotuma ni sehemu moja ya 120 ya hatua, na ukurasa unaweza kusogea kwa pikseli chache. Maktaba za kawaida za kipanya za ATmega32U4 hazikufanyii hivyo, kwa hivyo itakubidi uandike maelezo hayo mwenyewe. Ni kazi ya subira, lakini bila hiyo, ulaini wote utakaoupata kwa meno ya shaba utapotea mlangoni.

Sasa nieleze ninachokiona kuwa kiini cha kifaa chako. Ukanda usitume mahali pa kidole, utume *mwendo* wake. Ukiamua kwamba juu ya ukanda ni mwanzo wa waraka na chini ni mwisho, basi kwenye waraka wa kurasa 400 na ukanda wa sentimita 8, kila milimita ni kurasa tano, na hakuna mkono wa mwanadamu unaoweza kusoma hivyo. Tofauti kati ya mahali pa sasa na pa sampuli iliyopita ndiyo inayozidishwa na kutumwa. Na pale tofauti hiyo inapotoa sehemu isiyotimia namba nzima, usiitupe. Ihifadhi uijumlishe na ya sampuli ijayo, la sivyo mwendo wa polepole kabisa, ambao ndio wa msomaji, utaonekana kuwa ni sifuri.

Kuna nyakati mbili ambazo lazima uzishughulikie peke yake: kidole kinapotua na kinapoondoka. Kikitua, ncha hugusa kwanza, kisha nyama hutandaa, na wastani ule alioueleza Fundi husogea ingawa mtu hakukusudia kusogeza kitu. Kikiondoka, mambo hutokea kinyume, na mara nyingi ukurasa hurudi nyuma mstari mmoja pale pale msomaji alipotaka usimame. Hakuna kasoro inayomuudhi mtu kuliko hiyo. Kwa hivyo, baada ya kugusa, usitume chochote mpaka kidole kiwe kimesogea kiasi cha milimita moja. Na wakati wote weka sampuli chache za mwisho kwenye foleni bila kuzituma, ili jumla ya maongezeko ikianza kushuka kwa kasi uzitambue kuwa ni za kuinua kidole na uzitupe. Foleni hiyo inakugharimu ucheleweshaji wa milisekunde chache, na ni gharama ninayoilipa kwa moyo mkunjufu.

Kuhusu mtetemo utakaobaki, kichujio cha kawaida kinakulazimisha kuchagua kati ya utulivu na wepesi. Mwaka wa 2012 watafiti Géry Casiez, Nicolas Roussel na Daniel Vogel walichapisha kichujio walichokiita 1€, ambacho huchuja sana kidole kinapokwenda polepole na huchuja kidogo kidole kinapokwenda kasi. Wazo hilo linaafikiana na maumbile: mtu anayesogeza polepole huuona mtetemo lakini haoni ucheleweshaji, na anayesogeza kwa haraka huona ucheleweshaji lakini hauoni mtetemo. Programu yake ni fupi na inaenea ndani ya ATmega32U4 bila taabu.

Mbunifu wa Kasarani ameandika:

Ahsanteni sana, ndugu zangu. Nimeng'oa skrubu na kutazama upande, na kweli kuna pengo la hewa linaloonekana kwa macho katikati ya akriliki. Kabla sijachora bodi mpya, naomba mnisaidie uamuzi wa umbo. Duara linanivutia kwa sababu kidole hakihitaji kuinuliwa: mtu anazungusha tu na ukurasa unaendelea. iPod ya kwanza ya mwaka wa 2001 ilikuwa na gurudumu linalozunguka kwa kweli, ya mwaka uliofuata ikaweka gurudumu lisilosogea linalohisi mguso, na iPod mini ya 2004 ikaunganisha mguso na vitufe mahali pamoja. Ikiwa umbo hilo liliwatosha watu kupitia orodha za maelfu ya nyimbo, kwa nini lisiwafae wahariri?

Mhariri wa Pangani amejibu:

Mimi si fundi wa umeme, lakini ninasoma miswada kwa kutwa na ninaamini kwamba nina haki ya kusema katika jambo hili, kwa kuwa kidole kinachozungumziwa ni changu.

Mtu anayepitia orodha ya nyimbo anakitazama kifaa. Mimi sikitazami. Macho yangu yako kwenye sentensi, na nikiyaondoa hata kwa nukta moja ninapoteza mahali. Kwa hivyo sharti la kwanza ni kwamba kidole kiupate ukanda gizani. Ukanda bapa uliolingana na uso wa kifaa hauna faida kwangu hata kama saketi yake ni ya ajabu. Unahitaji mfuo, mwembamba wa kukishika kidole kisitoke pembeni, na katikati yake kiwepo kinundu kidogo kama vile vilivyo kwenye herufi F na J za kibodi, ili nijue niko wapi.

Sharti la pili ni ruhusa ya kupumzika. Ninaposoma aya ngumu, kidole kinakaa hapo hapo kwa dakika nzima bila kusogea, na ukurasa haupaswi kutikisika hata chembe. Kipanya cha gurudumu kinanipa uhuru huo. Kifaa kitakachonilazimisha kuning'iniza kidole hewani kitanichosha kuliko gurudumu.

Kuhusu duara, Ndugu Mbunifu, mimi ningelikataa. Ukurasa unakwenda juu na chini. Kwenye duara, kidole kikiwa upande wa kulia kinashuka, na kikiwa upande wa kushoto kinapanda, huku ukurasa ukiendelea kwenda upande uleule. Akili inazoea, lakini kila mara ninapokirudisha kidole baada ya kuandika, ninalazimika kukumbuka nimekiweka upande gani. Isitoshe, kuzunguka kunahitaji kiwiko au kifundo kisogee, na mimi ninataka kiganja kikae pale kwenye lile bamba la Mwalimu, kitulie. Ukanda ulionyooka ninaukubali hata kama itanibidi niinue kidole na kukirudisha, ila kwa sharti moja: nikifika mwisho wa mfuo na kukibakiza kidole pale, ukurasa uendelee kusogea taratibu mpaka nikiinue. Nisaidie pia uniachie uamuzi wa mwelekeo. Apple iligeuza mwelekeo wa kawaida katika Lion, toleo la mfumo wa kompyuta zake za Mac, mwaka wa 2011, ukurasa ukafuata kidole, na katika afisi yetu nusu ya watu wamezoea hivyo na nusu nyingine wamezoea gurudumu la kale. Swichi ndogo nyuma ya kifaa ingemaliza ubishi.

Fundi Saketi, Ngara amejibu:

Bi. Mhariri amenifurahisha, maana mfuo anaoutaka unatatua pia tatizo la ishara. Mbunifu, chukua akriliki ileile ya milimita 3 na uichonge mfuo wa kina cha milimita 2 kwa mashine ya kompyuta. Chini ya kidole itabaki milimita 1, na kapasitansi itapanda kutoka pikofaradi 0.44 hadi 1.3, yaani mara tatu, huku vidole vya jirani vinavyoegemea kingo za mfuo vikiwa bado nyuma ya milimita 3 na kuonekana hafifu. Elektrodi nane zibaki, lakini ziwe na umbali wa milimita 7 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, meno yakiingiliana vizuri. Chipu ina nafasi nne zilizobaki, basi tumia mbili kuongeza elektrodi moja kila mwisho, nje ya mfuo, chini ya akriliki nene. Kidole kikifika ukingoni, nusu yake hukosa shaba na hesabu ya wastani hukivuta kuelekea katikati. Hizo mbili za ziada zinakipa mahali pa kuegemea.

Kinundu cha katikati kisizidi nusu milimita, vinginevyo kitaongeza unene na ishara itazama kidogo kila kidole kinapopita hapo.

Mwandishi wa Programu, Kilimani amejibu:

Sharti la Bi. Mhariri la kupumzika lina mtego ambao lazima usemwe sasa. MPR121, kama chipu nyingine za aina hii, hufuatilia kiwango cha msingi cha kila elektrodi, yaani usomaji wake bila kidole, ili kufidia mabadiliko ya joto na unyevu. Asubuhi za Julai na mchana wa Februari hapa Nairobi havitoi usomaji mmoja. Ufuatiliaji huo ukiachwa uendelee wakati kidole kipo, kidole kilichotulia kwa dakika nzima kitaanza kuhesabiwa kuwa ni sehemu ya mazingira, na kikiinuliwa, chipu itaona upungufu na kuufasiri ovyo. Izuie kabisa ifuatilie pale elektrodi yoyote inapokuwa imeguswa, na iruhusu iendelee sekunde moja baada ya zote kuachwa. Rejista, yaani sehemu za chipu zinazohifadhi mipangilio, za kuweka kasi ya kufuatilia zimegawanywa katika hali tatu, yaani usomaji ukipanda, ukishuka, na ukiwa umeguswa, kwa hivyo hiyo ya tatu unaweza kuizima bila kuzigusa zile mbili.

Kwa usogezaji wa ukingoni, kasi ianze kwenye sifuri na ipande taratibu kadiri kidole kinavyokaa, na ianze tu ikiwa kidole kilifika pale kwa kutelezeshwa. Kidole kilichotua ukingoni moja kwa moja kisisogeze kitu.

Mbunifu wa Kasarani ameandika:

Nimeelewa, na nimeamua: ukanda ulionyooka, mfuo wa milimita 2, elektrodi kumi, bamba la kiganja, na swichi ya mwelekeo. Bi. Mhariri, bodi mpya ikishapigwa solda ningependa kukuletea kifaa usome nacho mswada halisi, kwenye kompyuta yako na chaja yako, nami nirekodi usomaji wa elektrodi zote ukiwa kazini bila kukukatiza.

Mhariri wa Pangani amejibu:

Nakukaribisha kwa mikono miwili. Uje siku ambayo tuna mswada mrefu, na uniletee viwili: kimoja cha mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia hushika kalamu.